SSD ya kawaida ndani ya seva: ipi ifungwe wapi

Seva nyingi ninazohudumia kati ya Arusha na Moshi hazina chumba chao. Moja iko chini ya meza ya mhasibu, jirani na ndoo ya deki. Nyingine ni mashine ya mtumba iliyopandishwa juu ya kabati la mafaili, feni zinavuma kama kinu cha kusaga. Humo ndimo yalimo marejesho ya mikopo, bukingi za safari na alama za wanafunzi. Diski ya zamani ikianza kugonga, naulizwa swali lilelile: "Fundi, si uniwekee tu SSD kama ya laptopu yangu? Hiyo ya seva ina nini hadi iwe ghali hivyo?" SSD ni diski isiyo na kinachozunguka ndani; data hukaa kwenye seli ndogondogo za chipu.

Jibu langu huwakera wauzaji wa pande zote mbili. Kwa sehemu kubwa ya kazi za ofisi zetu, SSD ya kawaida inatosha na chenji inabaki. Ipo kazi moja ambayo haiifai, hata ukichukua ile ya bei ya juu kuliko zote kwenye rafu. Kazi hiyo ni hifadhidata ya fedha katika mji ambao umeme hukatika bila hodi.

Kisichoandikwa kwenye boksi

Boksi la Samsung 870 EVO linaahidi MB 560 kwa sekunde kusoma na MB 530 kuandika. Ahadi ni ya kweli, ila ni ya faili kubwa linalotiririka moja kwa moja. Hifadhidata haiandiki hivyo. Karani akipokea rejesho la mwanachama na kubonyeza "Hifadhi", programu inaandika kipande kidogo, labda KB 16, kisha inaiamuru diski: usinijibu mpaka hiki kiwe mahali ambapo hata umeme ukikatika sasa hivi hakitapotea. Kwenye Linux amri hiyo inaitwa fsync.

Diski nyingi nazo zina RAM yao ndogo ya ndani, kumbukumbu ya muda. Data hutua humo kwanza, halafu hushushwa kwenye seli za kudumu. RAM husahau kila kitu umeme ukienda. Kwa hiyo SSD ya kawaida ikipokea amri ya fsync ina njia mbili tu. Inaweza kuwa mkweli: ishushe kila kipande kwenye seli ndipo ijibu, na hapo ile kasi ya boksi inayeyuka, unabaki na maandishi mamia kwa sekunde, au elfu moja na kitu. Au inaweza kudanganya: iseme "tayari" huku data ingali RAM, ikiomba Mungu umeme usikatike.

SSD ya seva ina njia ya tatu, na unaweza kuiona kwa macho. Fungua ganda la 870 EVO: ndani kuna kibao kifupi, sehemu kubwa ya ganda ni hewa tupu. Fungua ya seva, mfano Intel S3700 ya zamani: kibao kimejaa ganda zima, na ukingoni kuna kapasita mbili nene kama vipipa vidogo. Hizo ndizo unazolipia. Umeme ukikatika, kapasita zina chaji ya kutosha kuipa diski muda wa kumwaga RAM yake yote kwenye seli kabla ya kuzima. Kwa kuwa ina uhakika huo, diski inajibu "tayari" papo hapo bila kudanganya, na fsync zinapanda hadi maelfu mengi kwa sekunde. Watu wengi hudhani kapasita ni za usalama tu. Ni za kasi pia, kwa hifadhidata kuliko kitu kingine chochote.

Mtego mmoja hapa: Crucial MX500 nayo ina kapasita ndogondogo na hutangazwa kuwa na kinga ya kukatika umeme. Kinga yake inahusu data ambayo tayari ilishakaa kwenye seli, isiharibiwe na uandishi uliokatizwa. Iliyokuwa bado njiani, ndani ya RAM, haimo. Ukisoma tangazo harakaharaka utadhani umepata diski ya seva kwa bei ya laptopu.

Aprili, Moshi

Ofisi moja ya mikopo pale Moshi ilifungiwa SSD ya bei ya chini kabisa, isiyo na chipu yake ya RAM (ina kumbukumbu ya muda kidogo tu ndani ya kontrola, chipu inayoiongoza diski), na fundi aliyenitangulia. Simlaumu, maana bajeti alipewa na mtu mwingine. Ilikuwa masika. Umeme ulikatika mchana, ukarudi, ukakatika tena kabla seva haijamaliza kuwaka. UPS ilikuwepo, ila betri yake ilishakufa na hakuna aliyejua, kwa sababu taa ya kijani bado iliwaka.

Nilipofika, BIOS, programu inayoiwasha mashine, iliiona diski. Lakini pale panapokaa jina la diski paliandikwa jina la kontrola yake, na ujazo ulikuwa MB chache. Maana yake ramani ya ndani, ile inayoiambia diski kipande kipi kimekaa seli ipi, ilikuwa imevurugika. Watu huogopa kupoteza risiti ya mwisho. Ramani ikienda, hata risiti za mwaka juzi zinakwenda nayo. Nakala rudufu ilikuwa ya Ijumaa na siku ile ilikuwa Jumatano. Akina dada wa kaunta walikaa siku mbili na vitabu vya risiti vya kaboni, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na maabara za HP nchini Marekani walizikatia umeme SSD 15 kwa makusudi, tena na tena. 13 kati yake zilionyesha hitilafu: data iliyoharibika, maandishi yaliyokatikia katikati, hata diski kufa kabisa. Diski zimeboreka tangu hapo, ila kanuni ya RAM na umeme haijabadilika.

Takwimu za watengenezaji, ana kwa ana

TBW ni jumla ya terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali uandike kabla waranti haijafutika. Nimechukua ujazo unaokaribiana, isipokuwa ya mwisho. Bei sikuweka, kwa kuwa hubadilika kila mzigo unapoingia.

| Diski | TBW | Waranti | Kinga kamili ya umeme |
|---|---|---|---|
| Kingston A400, GB 960 | 300 | miaka 3 | hakuna |
| Samsung 870 QVO, TB 1 | 360 | miaka 3 | hakuna |
| Crucial MX500, TB 1 | 360 | miaka 5 | nusu |
| Samsung 870 EVO, TB 1 | 600 | miaka 5 | hakuna |
| Kingston DC600M, GB 960 | 1,752 | miaka 5 | ipo |
| Intel S3700, GB 400 (mtumba) | 7,300 | ilishaisha | ipo |

Gawanya TBW kwa siku za waranti uone kitu cha kuchekesha. 870 EVO: TB 600 kwa miaka 5 ni kama GB 328 kwa siku. 870 QVO: TB 360 kwa miaka 3 ni kama GB 328 kwa siku. Sawasawa! Mtu akiangalia hesabu hiyo peke yake atasema QVO ni EVO ya bei nafuu. Siyo.

QVO hutumia seli za QLC, biti nne ndani ya seli moja, na kuandika humo ni kazi ya polepole. Ili isionekane, diski hutenga sehemu ya kupokelea ambayo huandikwa haraka, kwa TB 1 ni hadi GB 42. Ikijaa, kasi inashuka hadi MB 80 kwa sekunde, na Samsung wenyewe wameandika hivyo kwenye karatasi yao ya vipimo. Sasa chukua usiku unaorejesha nakala ya GB 300 baada ya ajali. GB 42 za kwanza zinaingia kwa dakika moja na nusu, unatabasamu. GB 258 zinazobaki zinachukua karibu dakika 54. EVO ya TB 1, ambayo ni TLC (biti tatu kwa seli), inamaliza mzigo mzima ndani ya dakika kumi kama chanzo kinaweza kuisukuma. Na RAID (diski kadhaa zilizounganishwa ili moja ikifa nyingine iendelee) ikijijenga upya kwenye QVO, TB 1 kwa MB 80 ni zaidi ya saa tatu, na katika saa hizo zote umesimama kwa mguu mmoja.

Pamoja na hayo QVO ninaifunga. Mteja mmoja wa utalii Arusha ana picha na video za mbuga, zinaandikwa mara moja na kusomwa miaka. Hapo QLC inakaa vizuri kabisa, na tofauti ya bei kwenye TB 4 inaonekana. Hifadhidata siiweki humo, wala mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja.

A400 na ndugu zake wasio na RAM nisingezisogeza karibu na seva, isipokuwa kwa kubeba mfumo wa kuwashia tu kwenye mashine ambayo ukiipoteza unaijenga upya kwa nusu saa. Tatizo lake lingine ni kwamba jina hubaki lilelile huku vya ndani vinabadilika: kontrola na seli za mzigo wa mwaka huu si lazima ziwe za mzigo uliopita. Sifa uliyosikia kwa jirani inaweza kuwa ya diski tofauti na uliyoshika.

Je, utaimaliza TBW?

Karibu kila mtu anaogopa seli kuchakaa, na karibu kila ofisi ndogo inaogopa bure. Usikisie, pima. Kwenye Linux endesha smartctl -a kwa diski husika. Samsung za SATA (muunganisho wa kawaida wa diski za kompyuta) zina mstari namba 241, jumla ya vipande vya baiti 512 vilivyoandikwa. Andika namba hiyo Jumatatu asubuhi, rudi Jumatatu inayofuata. Tuseme imeongezeka kwa 410,156,250. Zidisha kwa 512 upate GB 210 kwa wiki, yaani GB 30 kwa siku. Kwa mwendo huo TB 600 za EVO zinahitaji zaidi ya miaka 54. Mhasibu atastaafu kwanza.

Hesabu hiyo inavunjika mahali pamoja, nako ni kwenye mashine pepe juu ya ZFS (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski), hasa Proxmox (programu ya kuendeshea mashine pepe). Mfumo huo huandika vipande vidogovidogo mfululizo hata ofisi ikiwa imefungwa, na kila kipande kidogo huilazimisha diski kuandika zaidi ya ulichoomba. Mstari wa 241 hauonyeshi ziada hiyo. Angalia namba 177 inayofuatilia uchakavu wa seli, au kwenye NVMe (SSD za njia yenye kasi kuliko SATA) ile asilimia ya matumizi. Ukiona asilimia inakimbia kuliko TBW inavyodai, hapo ndipo 1,752 za DC600M zinapoanza kulipa. Ukibaki na ya kawaida, angalau acha kama asilimia 20 ya ujazo wake tupu, bila kuigawa kwa matumizi, ili diski ipate nafasi ya kupumua.

Ya mtumba

Napenda diski za seva za mtumba kuliko ninavyopaswa. S3700 ilitoka mwaka 2012 ikiwa imejengwa kuandikwa ujazo wake mara 10 kwa siku kwa miaka 5. Iliyotoka kwenye kampuni ya Ulaya ikiwa imetumika asilimia 10 bado ina maisha marefu kuliko mpya ya laptopu. Kwenye Intel soma mstari 233: huanza 100 na kushuka. Ikiwa 90 na kitu, chukua. Kama muuzaji hataki uisome kabla ya kulipa, umeshajibiwa.

Tahadhari zipo. Nyingi za mtumba ni SAS, muunganisho wa diski za seva, wala si SATA. Kadi ya SAS hupokea diski ya SATA, lakini ubao wa kawaida wenye SATA hauipokei ya SAS, na nimewahi kumwona mtu amesafiri nayo kutoka Dar kwa basi akaishia kuitazama. Pili, programu ya ndani. Novemba 2019 HPE, watengenezaji wa seva, walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data yote kwenda nazo, kama hazijasasishwa. Mtumba ndiyo hasa umri huo. Tatu, usiifanye ghala la droo. Kwa vipimo vya JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu, SSD ya seva iliyokwisha kutumika hadi mwisho wa uhai wake hutakiwa kushika data bila umeme kwa miezi 3 tu kwenye nyuzi 40. Ya kawaida hutakiwa kushika mwaka mzima kwenye nyuzi 30. Hapa ya laptopu inashinda. Na Moshi ya Februari siyo Arusha, kabati la bati pale hupata joto.

Kwa upande wa kazi mambo yanageuka: ya kawaida hupimwa kwa saa 8 za kazi kwa siku kwenye nyuzi 40, ya seva kwa saa 24 kwenye nyuzi 55.

NVMe, kwa kifupi

Samsung 990 PRO inasoma hadi MB 7,450 kwa sekunde. Swichi ya ofisi yako ni gigabiti 1, inapitisha kama MB 115. Ni tangi la lita elfu tano linalotoka kwa koki ya nusu inchi. Seva nyingi za mtumba pia hazikubali kuwaka kutoka NVMe. Ukilazimika kutumia M.2 (SSD ya umbo la kijiti kinachochomekwa kwenye ubao) kwa kuwashia, Kingston DC1000B ni ya saizi ileile ya laptopu na ina kapasita zake. Ya GB 480 inatosha mfumo na hifadhidata ya ofisi ndogo.

RAID haikuokoi hapa

Diski mbili pacha kwenye RAID 1 huandikwa maandishi yaleyale, hivyo huchakaa pamoja, na umeme ukikatika zinakatikiwa pamoja. Mimi huchanganya: moja EVO, moja ya kampuni nyingine, au walau za mizigo miwili tofauti. Kadi nyingi za zamani za RAID hazipitishi TRIM, ile taarifa ya kuiambia diski kipi kimefutwa, na SSD ya kawaida bila TRIM huwa nzito kadiri inavyojaa. RAID ya Linux yenyewe, mdadm, huipitisha. Kama ni SSD za kawaida, afadhali kadi ibaki njia tu na Linux ifanye kazi.

UPS nayo nunua, lakini usiipe sifa zisizo zake. Haizuii pawasapulai ya seva kufa, wala haimzuii mtu kuchomoa plagi apate pa kuchomeka birika la chai. Nimeyaona yote mawili, la birika mara mbili.

Ningekufungia nini

Shule yenye alama, mahudhurio na maktaba ya video: EVO au TLC nyingine yenye RAM, na bekapu ya kila usiku. Kama MySQL, programu ya hifadhidata, inakokota, weka innodb_flush_log_at_trx_commit kuwa 2; umeme ukikatika unaweza kupoteza sekunde moja ya mwisho, na alama moja ya hisabati inaandikwa tena. Ofisi ya safari: EVO kwa mfumo, QVO kwa picha. Duka la dawa lenye kompyuta tatu na stoo: EVO inatosha, ila UPS ijaribiwe kila mwezi kwa kuchomoa ukutani mbele ya mwenye duka.

SACCOS, hospitali, au popote ambapo mstari mmoja uliopotea ni fedha ya mtu: kapasita, bila mjadala. Mpya DC600M ya GB 480 kama bajeti ipo, mtumba wa Intel kama haipo. Hifadhidata ya ofisi hizi mara nyingi haifiki GB 50, kwa hiyo diski ndogo ya seva huja karibu na bei ya diski kubwa ya kawaida. Watu hununua TB 1 kwa sababu namba ni nzuri, kisha wanatumia GB 60.

Ile ofisi ya Moshi nilirudi nayo hivi: S3700 mbili za GB 200 za mtumba kwa hifadhidata, zikiwa RAID 1 ya mdadm, EVO moja ya TB 1 kwa skani za vitambulisho na fomu, na diski ya kuzunguka ya TB 2 kwa nakala za kila saa mbili. Betri ya UPS mpya, tarehe imeandikwa juu yake kwa maka peni. Tulipomaliza meneja aliniuliza tunajuaje sasa iko salama. Nikamwomba dada wa kaunta aanze kuingiza miamala ya majaribio, mfululizo, akiandika kwenye karatasi namba ya kila uliokubaliwa. Alipofika wa 23 nikaichomoa seva nyuma, bila kuizima. Tuliporudisha umeme, wa mwisho kwenye skrini ulikuwa wa 23.

"Chomoa tena," meneja akasema. Tulichomoa mara tano.